Jibu kwa wakili wa Nakuru: masta roli kwanza, sahihi baadaye

Dada, ngoja kwanza. Usikubali hiyo kazi kabla hujasoma hapa. Umesema umemaliza mafunzo ya uwakili Nakuru, umeitwa ofisi ya wakili wa kaunti upande wetu huku, meza ya leba na fidia za walioumia kazini, ukauliza mshahara, nyumba Kisumu, kama unaweza kubaki na wateja wako pembeni, na hesabu ya WIBA, ile sheria ya fidia za kazini, inapigwa vipi. Sawa. Lakini katikati umechomeka kitu kimoja kama hakina uzito, ati mkubwa unayeenda kufanya kazi chini yake amekuambia usihangaike kuchunguza, "idara inaleta maelezo, wewe andika upige sahihi". Hayo maneno niliambiwa mimi pia, karibu neno kwa neno. Nimesoma hapo nikaweka simu chini nikatembea kidogo nje ndo nikarudi kuandika.

2021 nilikuwa kwa meza kama hiyo, kaunti moja huku magharibi, sitaitaja. Mwezi wa pili watu wa idara ya barabara walikuwa wanashusha kalvati kutoka kwa lori, kamba ikakatika, kalvati ikamlalia jamaa mmoja mkono wa kulia. Vidole vitatu vilitolewa hospitalini siku hiyo hiyo. Sheria inasema mwajiri akishajua ajali imetokea ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, yaani DOSH, na mtu akifa ni ndani ya saa 24. Hakuna aliyeripoti. Jamaa alijipeleka DOSH mwenyewe, mkono bado una bandeji, wakaandikia kaunti, barua ikazunguka maofisini wiki tatu ndo ikatua kwangu.

Faili lenyewe lilikuwa jembamba kama chapati ya stejini. Barua ya DOSH, na memo ya mistari minne kutoka kwa afisa wa idara: huyu si mfanyakazi wetu, ni kibarua wa kontrakta. Basi. Jina la kontrakta hakuna, mkataba hakuna. Nikapiga simu moja tu, afisa akaniambia wakili hawa ni watu wa kuokota barabarani, ukimlipa mmoja kesho watajaa hapa mia. Nikaenda kwa mkubwa wangu, akanipa ile dawa unapewa wewe sasa, kwamba mteja ndiye anajua yaliyotokea, sisi kazi yetu ni kuyavalisha sheria. Nikayavalisha. Kurasa mbili safi, kaunti inakana kabisa kuwahi kumwajiri mlalamishi, sahihi yangu chini, muhuri juu yake.

Sasa elewa kwa nini hiyo barua ni hatari, juu wengi wanadhani barua ya kujibu DOSH ni ya kusukuma tu halafu kazi yenyewe iko kotini. Hapana. Mahakama ya Juu tarehe 3 Desemba 2019 ilithibitisha kifungu cha 16 cha WIBA, mfanyakazi aliyeumia hawezi kukimbilia koti moja kwa moja, lazima aanzie kwa Mkurugenzi. Kwa hivyo kile unachomwandikia Mkurugenzi siku ya kwanza ndicho kitakufuata mpaka mbele ya jaji. Uongo ukiingia hapo unatembea na faili yote.

Na wangu ulitembea. Daktari alimpima jamaa akampa asilimia 25 ya ulemavu. Alikuwa analipwa 500 kwa siku, siku 24 kwa mwezi, hiyo ni 12,000. WIBA inachukua mapato ya miezi 96, hapo ni 1,152,000, halafu asilimia 25 yake ni 288,000. (Hesabu uliyouliza ndo hiyo.) Mkurugenzi akaleta dai, mwajiri anatakiwa kulipa ndani ya siku 90. Sisi tukalipa? Tukapinga. Una siku 60 za kupinga uamuzi wa Mkurugenzi, nikazitumia vizuri sana, nikamwandalia yule afisa hati ya kiapo, akaapa kwamba hamjui huyo mtu. Mimi ndiye niliichapa. Mkurugenzi akashikilia uamuzi wake, nikakata rufaa koti ya leba ndani ya zile siku 30. Makataa yote niliheshimu, hakuna hata moja nilipitisha, na hiyo ndo inaniuma mpaka leo, kwamba nilikuwa na bidii hivyo kwa kitu sikuwa nimekithibitisha.

Siku ya kusikizwa jamaa alikuja bila wakili. Alikuwa na bahasha ya kaki ndani ya juala, akaishikilia kwa kwapa, akatoa karatasi kwa mkono wa kushoto moja moja akizipanga juu ya meza. Zilikuwa fotokopi za masta roli, yaani orodha ya mahudhurio na malipo ya vibarua, miezi mitano mfululizo. Jina lake, nambari ya kitambulisho, siku alizofanya, pesa alizopokea, sahihi yake kila mwisho wa mwezi. Na kila ukurasa chini, pale pa afisa anayeidhinisha, sahihi ya yule yule aliyeapa kwamba hamjui. Ukurasa wa mwisho siku ya ajali ilikuwa imewekwa alama kwamba alikuwa kazini.

Jaji akazisoma zote polepole, akaniangalia. "Wakili, wewe uliwahi kuiona masta roli kabla ya kuandika?" Nikasema nilielekezwa na mteja wangu. Akasema, "Sijakuuliza ulielekezwa nini."

Rufaa ikatupwa na gharama juu yetu. Hiyo ilikuwa Juni 2022. Na hapo usidhani jamaa alipata pesa yake kesho yake, juu gari la kaunti haliwezi kupigwa mnada, Sheria ya Kesi Dhidi ya Serikali kifungu cha 21 inakinga. Inabidi mtu achukue cheti cha amri, yaani karatasi ya koti inayoonyesha serikali inadaiwa nini, akipuuzwa arudi kotini kuomba afisa anayeshika pesa aamrishwe kulipa. Alilipwa Machi 2023. Miaka miwili na mwezi mmoja tangu kalvati imlalie, na kwa hiyo miaka aliuza ng'ombe wawili na binti yake akakaa nyumbani muhula mzima. Haya aliniambia mwenyewe kwa kordo ya koti bila hata kupandisha sauti, afadhali angenitukana.

Baada ya hukumu nilitafuta zile fotokopi zilitoka wapi. Zilitoka kwa nyapara wao. Nyapara alikuwa na masta roli zote kwa sanduku la bati chini ya kitanda, na nyumbani kwake ni dakika kumi na tano na boda kutoka ofisini kwangu. Dakika kumi na tano! Ningeenda mwezi wa tatu 2021 kungekuwa hakuna barua, hakuna hati ya kiapo, hakuna rufaa, kaunti ingelipa 288,000 bila gharama za kesi juu yake na mtoto angeenda shule. Yule afisa sijawahi kumsikia akiulizwa chochote. Na mkubwa wangu aliniambia "hizi hutokea". Hazitokei, zinafanywa, na yeye alikuwa na miaka mingi kazini, alijua idara huwa zinakana vibarua hivyo hivyo kila mara, akaniacha niweke jina langu.

Kwa hivyo shika hii hata kama mengine yote utasahau, usipige sahihi kukana kitu kabla hujashika karatasi yake ya asili na mikono yako na kuongea na mtu aliyekuwa pale. Si memo kuhusu masta roli, masta roli yenyewe. Si afisa wa makao makuu, nyapara. Idara ikisema hakuna karatasi, hiyo si kinga yako, ni shida yako, juu Sheria ya Ajira kifungu cha 10 inataka mwajiri aweke maelezo ya kazi, na akishindwa kuleta mkataba wa maandishi kotini mzigo wa kukanusha unaangukia yeye. Na neno "kibarua" lisikutishe. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi, anahesabiwa kama wa mkataba wa mwezi. Na WIBA yenyewe inabana serikali sawa na mwajiri binafsi, waliotolewa ni wanajeshi peke yao. Idara ikikataa kukupa karatasi, andika barua ya kuziomba, weka tarehe, weka nakala kwa faili, halafu mwambie mkubwa wako kwa maandishi kwamba hutajibu mpaka zije. Atanuna. Wacha anune.

Mshahara na mambo ya wateja pembeni wengine hapa watakujibu, mimi hata sikuwa nakumbuka umeuliza. Ukiripoti Jumatatu, kabla hata hawajakuonyesha kiti, uliza masta roli za idara ya barabara, ya maji na ya soko zinawekwa wapi na nani ana funguo. Halafu omba namba za simu za manyapara.