Uliza Ujibiwe: Kibanda cha Stendi

SWALI: Nimetoka Mwanza, nina kibanda cha chakula stendi ya Mtwara. Wateja ni Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera na madereva wa kila upande. Nikiita, "We Mmakonde, njoo ule panya!" wengine hucheka, wengine huondoka. Jioni nakaanga kitimoto (nyama ya nguruwe), asubuhi maandazi yanadoda. Nakosea wapi? (Mama Lishe, Mtwara)

JIBU: Dada, la kitimoto ndilo zito, tuanze nalo. Waislamu ni wengi huku, na mteja wa namna hiyo hutazama karai kabla ya kuuliza bei. Mafuta yaliyokaanga kitimoto yakirudi kukaanga maandazi, kwake hicho si chakula tena. Ubao wa kukatia ni mbaya zaidi, maana mbao hunywa mafuta na sabuni haiyafikii. Kwa hiyo tenga vyombo seti mbili kamili: karai, mwiko, kisu, ubao, beseni la kuoshea na dodoki lake, mipini ipakwe rangi tofauti. Mtaji ukiwa mdogo, chagua biashara moja. Kwa stendi ile, sisi tungeacha kitimoto. Akiuliza mtu kuku kachinjwa na nani, mjibu bila kununa. Ramadhani ikiingia, mchana shusha pazia upande wa barabara, nguvu zote zihamie magharibi: uji, tende, muhogo wa nazi. Viwe vimeiva kabla ya adhana. Aliyefunga hangoji jiko likolee.

Sasa utani. Utani wa makabila una wenyewe. Watani wameurithi, ndiyo maana hutupiana maneno hata msibani na hakuna anayenuna. Wewe mgeni hujapewa nafasi hiyo, labda mteja akuanze mwenyewe. Na huyo panya ni wa porini, tena kitoweo kinachopendwa na wanaomla. Kinachouma ni kicheko chako. Ita watu kwa umri: shikamoo babu, karibu kaka. Chale za usoni zisikufanye ubahatishe mtu katoka nchi gani, kwani Wamakonde, Wamakua na Wayao wako Tanzania na Msumbiji pia, na mto Ruvuma umepita katikati yao. Mzee mwenye chale usimkodolee macho, na picha iombwe kwanza.

SWALI: Vile vizizi vyembamba vinavyouzwa kwa mafungu sokoni ni nini, na vinaliwaje? (Mgeni, Masasi)

JIBU: Ming'oko hiyo, jamii ya viazi vikuu, huchimbwa porini. Osha udongo wote, maana mchanga mmoja unaharibu fungu zima. Chemsha na maganda yake hadi ilainike, menya kwa vidole, chovya kwenye pilipili ya unga iliyochanganywa na chumvi. Ukiimenya mbichi kwa kisu utabaki na maganda tu.