Kuhusu kabila la babu

Mwanangu,

Umeniuliza swali moja tu: yule babu aliyetolewa jahazini akashushwa Freretown, ule mtaa wa misheni wa Mombasa walikowekwa watumwa waliokombolewa, alikuwa Myao au Mnyasa? Wataka kujua kabla hujatema mate kwenye hicho kichupa cha DNA ulichonunua huko. Nitakujibu, lakini ngoja kwanza nikueleze siku niliyokwenda kuchukua kipande.

Karani aliuliza kabila bila kuinua uso. Nikamwambia, Mmisheni, ndivyo tunavyojiita sisi wa Freretown. Akacheka, akawaita wenzake waje wasikie. "Misheni si kabila, kijana. Kwenu wapi?" Kengeleni, nikamjibu, hapo hapo Freretown. Wakazidi kucheka. Mwishowe akaandika alichotaka yeye, nami nimetembea na neno lake mfukoni karibu miaka 50. Ndiyo maana husema jina la karatasini ni la mwenye kalamu. Mama yako keshachoka kulisikia, lakini ni kweli. Hata mtaa wetu umebeba jina la Bwana Frere, Mwingereza aliyekuja Unguja 1873 kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Hao walioshushwa pale hakuna aliyewauliza wapaiteje.

Daftari la ubatizo nililiona mara moja. Babu yumo: jina la Kizungu, mwaka 1877, na neno "Yao". Baba yake hayumo, mama yake hayumo, kijiji hakimo. Basi ni Myao, si ndiyo? Mimi nasita. Misafara ya Wayao ndiyo iliyokuwa ikiteremsha watu kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa. Mtoto wa Kinyasa akikaa mikononi mwao miezi, ataokota Kiyao, na akiulizwa atajibu kwa Kiyao. Mwenye kalamu ataandika nini?

Halafu kuna nyanya yangu, binti yake hasa. Akitwanga mahindi alikuwa na wimbo wake, na ndani yake neno *nyanja* likirudi kila mchi unaposhuka. Wayao ziwa huliita *nyasa*. *Nyanja* ni la wenyewe Wanyanja, ndio hao Wanyasa. Nilikuwa nakaa kwenye kizingiti namsikiliza mpaka uji unaungua, napigwa mimi, na kesho nakaa tena. Nikiukumbuka wimbo ule nasema, babu ni Mnyasa, yamekwisha. Kisha najipinga mwenyewe: Freretown Wayao, Wanyasa na Wamakua walipakana ukuta kwa ukuta. Wimbo huazimwa kama kinu. Huenda aliupata kwa jirani.

Mjomba wako yeye ashaamua, ati sisi ni Wayao na asiyetaka anywe maji ya bahari. Hakuwahi kuliona daftari, wala hakumsikia nyanya akitwanga.

Sikukatazi kutema mate. Nilitaka niseme hicho kichupa nacho… haya, nyamaza, mzee. Tema, kisha uniambie walichoandika.

Wimbo wenyewe nimebaki na mstari mmoja. Piga simu jioni nikuimbie, mama yako akiwa kanisani. Mbele yake siimbi.

Baba yako