Jibu: Mama katoka kwa daktari bila kujua saratani iko hatua ya ngapi

Salaam ndugu. Nimekuelewa: majibu ya kipimo cha kinyama (kipande kidogo kinachokatwa mwilini na kupimwa) yametoka, daktari kaongea dakika chache, na mama hajui hatua ya ugonjwa wala kama dripu za dawa ya saratani ni za kuponya au za kumpa nafuu tu.

Yalitukuta na mama mkubwa, tukitoka Mpwapwa kuja Dodoma mjini. Kwanza ombeni nakala ya majibu. Yanaonyesha aina ya saratani. Hatua, 1 hadi 4, mara nyingi husubiri vipimo vya picha, kwa hiyo huenda daktari hakuwaficha kitu.

Mama mkubwa alikuwa anaitikia "ndiyo daktari" kwa kila neno, kumbe Kigogo ndicho anachokielewa vizuri (na aibu nayo ilimzidi). Kaka alipoingia naye, akamrudishia daktari alichoelezwa kwa maneno yake mwenyewe, ndipo tukagundua tulidhani mizunguko 6 ya dripu ni miezi 6, kumbe mama mkubwa kapangiwa mzunguko mmoja kila siku 21.

Swali la "lengo la tiba hii ni nini?" liandikeni juu kabisa kwenye daftari. Ila muulizeni mama kwanza anataka kujua kiasi gani. Sisi tulimficha, akanuna wiki nzima.