Kushuti filamu ya kutisha kwenye nyumba ya mbao msituni

Jua la Nairobi huzama karibu saa 12:30 jioni, na dakika 20 hivi baadaye giza limeshika. Mafunzo ya Ulaya yanayosifu machweo marefu hayakusaidii huku. Picha za nje, nyumba ikiwa nyeusi na anga bado la buluu, panga mbili tu kwa jioni moja, kamera iwe imesimama kwenye stendi tangu saa 12:00. Ya tatu itakutoka chengachenga.

Misitu ya Karura na Ngong ni karibu na mji, lakini maikrofoni itanasa magari ya Kiambu Road au Southern Bypass, na mwigizaji anayenong'ona chini ya kitanda hashindani na lori. Panda hadi Limuru au msitu wa Kereita, Kaunti ya Kiambu. Ukungu wa asubuhi wa Juni hadi Agosti huko ni wa bure, tena hushinda mashine ya moshi, ambayo upepo kidogo tu huivuruga. Leseni ya kurekodi ni ya KFCB (bodi ya uainishaji wa filamu), ruhusa ya msitu ni ya KFS (huduma ya misitu), na droni ina kibali chake cha KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga).

Usiku, rekodi perere. Kanyama hako ka mitini huanza kwa kukwaruza kama bawaba kavu, kisha sauti inapanda mpaka iwe ukelele wa mtu anayekabwa. Rekodi pia sekunde 60 za ukimya wa kila chumba, wote wakiwa wametulia, la sivyo kila mkato utasikika kwenye uhariri. Jenereta ikae mita 50 nyuma ya gari, na waya uwe mnene. Mwembamba huo mrefu hupata moto na taa hufifia.

Kosa kubwa ni mwanga mwingi. Ndani, weka koroboi au karabai inayoonekana, kisha ifiche LED ndogo ya 3,200 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni njano, kubwa ni buluu) upande uleule wa moto. Nje, LED ya 5,600 K juu ya mti iwe mbalamwezi. Mizani ya rangi ya kamera ikiwa 4,000 K, ndani kutaonekana na rangi ya joto na dirishani ya baridi. Ndoo ya mchanga isikose karibu na moto.

Zimwi linalokimbia halihitaji kuonekana. Katika filamu ya kutisha The Evil Dead (1981), kamera ilifungwa kwenye ubao na watu wawili wakakimbia nao chini chini msituni. Ujanja huo bado unafanya kazi, ila pitieni njia hiyo mchana mng'oe visiki.

Hati ya filamu nayo ijibu swali moja: kwa nini mhusika atoke nje? Mnairobi akisikia kishindo nje hatoki na tochi, anakomea mlango na kupiga simu. Mpe sababu ya kutoka.

Damu: chemsha vikombe 2 vya sukari na kimoja cha maji hadi iwe nzito. Ikipoa, tia vijiko 2 vya chai vya rangi nyekundu ya chakula, tone la buluu, na kijiko cha kakao kilichokorogwa kwanza kwa maji ya moto, maana kakao kavu hufanya madonge. Ya nguoni ongeza sabuni ya vyombo ili ifulike. Ya mdomoni usiitie. Sisimizi watakuja, kwa hiyo pangusa kila mnapopumzika. Mbao zisizo na vanishi huinywa na haitoki tena: tandika nailoni, juu yake vipande vya mbao vyako mwenyewe, ama mwenye nyumba abaki na amana yako.