Nimeapdeti kerneli, waifai imepotea

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Natumia Ubuntu 22.04 kwenye laptop ya mtumba, juzi nikapiga sudo apt upgrade ikashusha vitu kibao, nikazima nikawasha, sasa waifai haipo kabisa, hata kile kialama chake pale juu hakuna. Nikiandika uname -r kuona toleo la kerneli inasema 6.8, mwanzo ilikuwa 6.5. Fundi wa mtaani anasema ipigwe fomati nirudi Windows na kazi zangu zote zimo humo. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kwanza huyo fundi arudishe flashi yake mfukoni, hakuna kilichofutika. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa vya mashine; mpya ikiingia, Ubuntu inaibakiza na ile ya nyuma makusudi, kwa siku kama hizi. Zima, ukiwasha tu shikilia Shift, au kama mashine ni ya UEFI (mfumo mpya wa kuwashia mashine) gonga Esc mara moja (ukizidisha utajikuta kwenye skrini nyeusi inayosubiri amri), itakuja menyu, ingia Advanced options for Ubuntu uchague 6.5 isiyo na neno recovery. Waifai ikirudi ujue kadi ni nzima, shida ni draiva, yaani programu inayoiwezesha mashine kuitumia kadi hiyo.

Maana draiva nyingi zinakuja na kerneli yenyewe, ila kadi zingine za waifai draiva zake zinakaa nje, kwahiyo kila kerneli mpya lazima ijengewe draiva yake upya, kazi hiyo inafanywa na programu iitwayo DKMS nayo inahitaji headers (mafaili ya kujengea draiva) za kerneli hiyohiyo, zisipokuwepo hakijengwi kitu.

Sasa rudi 6.8, chomeka simu kwa waya wa USB, washa USB tethering utumie bando la simu, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), uandike:

sudo apt install linux-headers-$(uname -r)

Ikimaliza andika dkms status. Ukiona draiva yako, 6.8 na neno installed, zima uwashe. Bado imegoma? Kaangalie Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha) kwenye mipangilio ya BIOS, ikiwa on inakataa draiva isiyo na sahihi inayoitambua. Na kama dkms status haijatoa kitu chochote nitumie majibu ya amri ya lspci nijue kadi ni ipi.

Apdeti usiache bwana, ndizo zinazoziba mianya ya usalama. Ila apt autoremove usiipige kwanza, subiri 6.8 itulie, hiyo ndo inayofagia kerneli za zamani.