Hasi isiyo na ushahidi: kwa wanaoanza kutengeneza PCR ya homa ya nguruwe

Nguruwe anayezurura vijijini Busia akifa ghafla, masikio na tumbo vikiwa vimegeuka wekundu au zambarau, wa kwanza kushukiwa ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, mwaka 1921. Virusi vyake ni vya DNA, kwa hiyo PCR, kipimo kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane, haihitaji hatua ya kugeuza RNA kuwa DNA.

Praima nyingi (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) hulenga jini la B646L, la protini p72. Usinakili tu mfuatano na kuagiza. Ulinganishe kwanza na virusi vya jenotaipu (aina za kijenetiki) IX na X vya Afrika Mashariki, maana herufi moja isiyooana kwenye ncha ya 3' yaweza kukukosesha virusi.

Lakini kazi huharibikia zaidi kwenye damu. Ichukue kwenye chupa ya EDTA (kizuia damu kuganda), yenye kifuniko cha zambarau. Ile ya kijani ina heparini, nayo huzuia kimeng'enya cha PCR. Kwa mzoga, chukua wengu na tezi za limfu, uzisafirishe hadi maabarani Kisumu ndani ya kibaridi chenye barafu.

Hemoglobini iliyobaki baada ya kutoa DNA huzuia pia, na mashine itakuandikia hasi bila aibu. Ndiyo maana kila kichupa kiwe na kidhibiti cha ndani, yaani kitu kinachopaswa kuonekana hata pasipo virusi, mathalani jini la beta-aktini la nguruwe. Kisipoonekana, huna jibu, usiandike hasi. Zimua DNA mara 10 urudie. Kwa kawaida Ct (mzunguko ambao ishara huanza kuonekana) ingepanda kama mizunguko 3.3, ikishuka badala ya kupanda, kizuizi kilikuwemo.

Maji ya kidhibiti hasi (kichupa kisichotiwa sampuli) yakitoa Ct 37, usijifariji kwamba "ni ya mbali". Ni uchafuzi. Tupa vitendanishi vilivyofunguliwa, pangusa meza kwa klorini ya kufulia iliyozimuliwa mara 10, ngoja dakika 10, kisha futa kwa maji la sivyo chuma kitaliwa. Koti la chumba cha PCR lisirudi kwenye chumba cha kuchanganyia, na vichupa vilivyokwisha kupimwa visifunguliwe kamwe. Stima ikikatika katikati, anza upya.

Ukitafuta kiwango cha chini kabisa kinachogundulika, zimua virusi ndani ya damu ya nguruwe asiyeugua, si ndani ya maji safi yasiyo na vizuizi. Rudia mara 20 kwenye kila kiwango cha chini. Unachotafuta ni kile kinachotoa chanya angalau 19.