Simuleta inasema poa, verifaya inakataa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko mwaka wa nne chuo, projekti yangu ni geti la reli, nimechora modeli kwenye UPPAAL (programu ya kukagua mifumo inayotegemea muda), treni mbili na geti moja. Kwenye simuleta (sehemu ya kuiendesha modeli kwa majaribio) nimeiendesha zaidi ya mara 50 na geti linashuka vizuri tu, ila nikiandika A[] not deadlock (yaani modeli isikwame kamwe), verifaya, ile sehemu ya kuhakiki, inakataa. Nimwamini nani? Faili nimeambatanisha.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Amini verifaya. Simuleta kila ukiiendesha inakupitisha njia moja tu, na ukiwa unabofya mwenyewe unaiacha treni ya kwanza iondoke kabisa ndo unaleta ya pili, wakati verifaya inapita njia zote zinazowezekana.

Faili nimeifungua. Nenda menyu ya Options, washa Diagnostic Trace (inaonyesha njia iliyofika kwenye kosa), rudia swali lako la deadlock halafu njia ya kosa ipeleke kwenye simuleta, isogeze hatua moja moja. Utakuta treni ya kwanza imeshapita, geti ndo kwanza linaanza kuinuka, ya pili inagusa sensa. Umeiwekea x<=3, yaani ndani ya sekunde 3 iwe imetuma karibu! (ishara ya kuliambia geti treni inakuja), lakini geti likiwa kwenye hali ya Inainuka halina mshale wa karibu? (wa kuipokea ishara hiyo) na haliwezi kumaliza kabla ya sekunde 4, kwa hiyo saa inafika 3 na hakuna anayeweza kusogea. Kwenye modeli muda unagoma, kwenye reli ya kweli treni haigomi, inapita na geti liko wazi na watu wanavuka!

Ongeza mshale wa karibu? kutoka Inainuka kurudi Inashuka, saa ya geti ianze 0. Halafu likiwa Inashuka au Chini lipokee pia na lihesabu treni, lisije likafunguka ya kwanza ikiondoka huku ya pili iko njiani.

Na usione aibu, Bang & Olufsen wa Denmark, watengenezaji wa redio na TV, walikuwa na protokali (kanuni za vifaa kutumiana meseji) ya mistari kama 2800 ya asembla (lugha ya programu iliyo karibu na mashine), miaka zaidi ya 10 kwenye bidhaa zao, wanajua kabisa meseji zinapotea mara mojamoja ila kwa kutesti kawaida kosa halionekani, mpaka UPPAAL ikatoa njia ya kosa kama hiyo yako.

Ukimaliza uliza na hili: A[] Treni1.Kuvuka imply Geti.Chini (yaani daima treni ya kwanza ikiwa inavuka, geti liwe chini), na la Treni2 hivyohivyo, maana modeli kutokukwama haimaanishi geti limefungwa.